Mji Wenye E Moja

Kuna mji wa Waswahili ambao haumo kwenye ramani yoyote ya Afrika Mashariki. Unaitwa Harambe. Uko Florida, Marekani, ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Una kuta za chokaa iliyobanduka, nyufa, mabati yenye kutu na matangazo yaliyopakwa kama kwa mkono wa fundi wa mtaani. Una duka linaitwa Mombasa Marketplace, mgahawa unaitwa Tusker House, baa inaitwa Dawa, na kibanda cha vitu vitamu kinachoitwa, kwa usahihi kabisa, Tamu Tamu. Ukitembea kidogo unafika kituo cha magari ya safari ya Kilimanjaro. Mwenye mji ni kampuni. Wakazi hawapo.

Nimeshausoma mji huu mara mbili: mara ya kwanza kwa miguu, nilipokwenda Florida na mama yangu kumtembelea dada, na mara ya pili vitabuni, niliporudi Dar es Salaam na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Ninaposema nimeusoma sifanyi mzaha. Wamarekani wenyewe bustani za namna hii huziita kwa jina linalomaanisha bustani yenye dhamira, na sisi tuliofundishwa Kiswahili sekondari tunajua vizuri cha kufanya na kitu chenye dhamira. Unakigawa fani na maudhui, unatafuta wahusika, mandhari, mtindo, unajibu maswali. Basi tufanye hivyo.

Lakini kwanza mabishano, maana watu wamekuwa wakigombana kuhusu bustani za Disney karibu tangu ile ya kwanza ifunguliwe California, Julai 1955. Mwaka 1958 gazeti la The Nation lilichapa makala ya Julian Halevy iliyoiweka Disneyland kapu moja na Las Vegas: sehemu mbili za kuuzia watu ndoto zilizokwisha kutafunwa. Ray Bradbury, mwandishi wa hadithi za kubuni za sayansi, akajibu kwa barua mwezi huohuo. Alisema, kwa ufupi, kwamba wasomi wengi wanaokataa kwenda pale wanaogopa kufurahi. Yeye mara ya kwanza alikwenda na mwigizaji Charles Laughton, na akaeleza jinsi mzee yule alivyojigeuza nahodha wa mashua ya msituni. Mwaka 1965 mbunifu majengo Charles Moore naye akaja na utetezi wa aina nyingine. Miji ya California, alisema, imeshindwa kuwapa watu mahali pa kutembea pamoja na kutazamana; Disneyland imewapa, ila kwa kiingilio.

Halafu wakaja Wazungu wa Ulaya. Umberto Eco, katika insha yake ya 1975 kuhusu safari zake Marekani, anatoa mfano ambao sijausahau tangu chuo. Ukipanda boti kwenye mto Mississippi wa kweli, nahodha anakuahidi mamba na humwoni hata mmoja, unabaki kuikumbuka Disneyland, ambako mamba wa mashine hutokea kila wakati bila kubembelezwa. Kwa Eco hapo ndipo penye hatari: nakala inatutosheleza kuliko asili, hatimaye tunaidai asili ijiendeshe kama nakala. Jean Baudrillard, mwaka 1981, akaenda mbali zaidi. Alidai Disneyland imewekwa pale ili watu waamini kwamba kilicho nje ya ukuta wake ni halisi, wakati Marekani nzima imekwisha kuwa Disneyland.

Nilipokuwa na miaka ishirini na moja sentensi ile ya Baudrillard niliiona kama radi. Sasa nina miaka thelathini na kitu, nimekaa na mama yangu kwenye benchi ya Harambe akila aiskrimu, na naona ina upungufu mkubwa. Baudrillard hana habari na mtu ambaye nakala imemnakili yeye.

Mama yangu ni mzaliwa wa Pangani. Aliyefika Pangani anajua: mji kwenye mlango wa mto, kivuko cha kwenda Bweni, Boma la tangu enzi za Waarabu na Wajerumani, nyumba za kale za wafanyabiashara zenye mabaraza, nyingine zimeanguka kabisa na mibuyu michanga imeota ndani. Kule alinyongwa Abushiri mwaka 1889. Mama alipoingia Harambe alisimama, akashika ukuta, akaukwaruza kwa ukucha. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hii Pangani. Ila imeoshwa kwa sabuni."

Sijasoma uhakiki mzuri zaidi wa mahali pale. Tuuchambue kidogo. Wabunifu wa Disney, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri Afrika Mashariki, wakapiga picha, wakarudi na ufahamu wa kweli wa jinsi chokaa inavyobanduka juu ya mawe ya matumbawe. Walikuwa na macho, hilo nawapa. Hawakujenga Afrika ya vibanda vya nyasi na ngoma. Walijenga mji wa pwani, wenye ghorofa, wenye bandari, wenye historia ya biashara. Ukilinganisha na ile safari ya mashua ya Disneyland ya 1955, ambako Mwafrika alikuwa sanamu la mtu wa porini mwenye kuuza vichwa vya watu (kampuni ilitangaza kuibadilisha mwaka 2021 tu, jamani), Harambe ni hatua kubwa. Ilikuwepo hata mipango ya kuweka banda la Afrika ya Ikweta kule Epcot, bustani iliyofunguliwa mwaka 1982, lakini halikujengwa. Kilichobaki ni kituo kidogo cha vinywaji na zawadi.

Kwa hiyo fani, alama za juu. Tatizo ni kwamba ufa wa Pangani una sababu. Katani ilishuka bei, warithi wa nyumba wako Muscat na Toronto, halmashauri haina fedha. Ufa wa Harambe umechorwa, na kuna mtu kazi yake ni kuutunza usizidi wala usipungue. Mama hakuyasema hayo yote, lakini sabuni ndiyo hiyo. Uchakavu umebaki, umaskini uliouleta umeoshwa.

Tuje kwenye jina. Harambee ina e mbili, na hili halihitaji mjadala. Liko kwenye nembo ya taifa la Kenya. Disney wameandika moja. Wapo watakaosema ni tahajia tu, mbona unakuza. Mimi nasema e ya pili ndiyo sehemu ya neno unayoivuta pamoja na wenzako mkiwa mmeshika kamba. Ukiitoa, neno linabaki jina la mahali, halina kazi ya kufanya. Ajabu nyingine ni tarehe. Kwenye mji huu wameweka alama za Uhuru wa 1961, ambao ni mwaka wa Tanganyika. Yaani mji una jina la Kenya lililokatwa mkia, uhuru wa Tanganyika, kuta za Lamu na Unguja, bia ya Nairobi na soko la Mombasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 kwa sababu viongozi wetu walishindwa kukubaliana. Disney wakaja kuiunganisha bila kikao hata kimoja.

Kiswahili chenyewe? Hapa nilikuwa nimenoa kisu, nikakuta nyama si laini nilivyodhani. Kwenye hoteli iliyo jirani na bustani, iliyofunguliwa mwaka 2001, kuna jengo linaitwa Kidani, kwa sababu umbo lake limepinda kama mkufu shingoni. Kuna bwawa linaitwa Samawati na jingine linaitwa Uzima. Niambie ni hoteli ngapi za Masaki zenye ujasiri wa kuita bwawa lao Samawati. Aliyechagua maneno haya alifungua kamusi kwa mapenzi. Lakini angalia aina ya maneno. Ni nomino, karibu yote: Jiko, Boma, Sanaa, Kidani, Dawa. Kitenzi nilichokiona kwenye majina ya biashara ni kimoja, Kusafiri, nacho kiko kwenye kitenzi-jina, hakina nafsi wala wakati. Ni lugha isiyo na mtu anayedai deni, anayekopa, anayekataa, anayemwambia mwenzake toka hapa. Na Boma! Boma la Pangani ni mahali watu walipopelekwa kuandikishwa kodi ya kichwa. Boma la Florida ni bufee.

Haya yana historia. The Lion King ya 1994 ilitupa Simba na Rafiki, ikampa fisi jina la Shenzi, tusi ambalo walowezi waliwaita babu zetu, na hakuna aliyeshtuka. Maneno hakuna matata, ambayo watalii waliyajua tangu wimbo wa Them Mushrooms wa 1982, Disney waliyasajili kuwa alama yao ya biashara Marekani mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018 watu zaidi ya 100,000 walitia saini malalamiko mtandaoni. Wanasheria walieleza kwamba alama ya biashara haimzuii mtu kuyatamka, na kisheria walikuwa sahihi. Sisi tulikasirika wiki mbili, tukaendelea kusema hakuna shida, kama tulivyokuwa tukisema siku zote.

Sasa wahusika. Mhakiki mwenye haraka atasema wahusika wa Harambe ni wanyama, na kweli wanyama ni wa kweli: twiga, viboko, simba. Ndiyo maana Eco hatoshi hapa. Mamba wa Harambe ana damu, na siku nyingine pengine hataki kuonekana. Kisicho cha kweli ni miti: mibuyu ya zege, na mialoni ya Florida iliyopogolewa hadi ifanane na migunga. Hata ule Mti wa Uhai katikati ya bustani, wenye wanyama zaidi ya 300 waliochongwa kwenye shina, umesimama juu ya kiunzi cha aina ya mtambo wa kuchimbia mafuta baharini. Eco alizoea bandia iliyo wazi. Hapa kweli na bandia zinagawana kazi, na mgeni hajui zamu ni ya nani.

Lakini mhusika mkuu ni mgeni. Katika hadithi ya mwanzo ya safari ile, gari lililobeba wageni liliingia kwenye mkasa wa majangili waliokuwa wakimwinda tembo na mwanawe, na wageni ndio walioshiriki kumwokoa mtoto. Hadithi hiyo baadaye iliondolewa, na naona vizuri, maana tunaijua kwa moyo: Afrika ina mnyama mmoja anayepaswa kuokolewa, na mwokozi amewasili asubuhi kwa ndege. Wenyeji wa Harambe katika simulizi hiyo ni mandhari. Kuna redio inasikika kutoka dirishani, kuna baiskeli imeegemezwa ukutani, na mwenye baiskeli ametoka kidogo, tangu 1998.

Hapo ndipo nilipotofautiana na dada yangu, na sina budi kuyaleta ya nyumbani kwa sababu hoja yake imenikaba kuliko ya Bradbury. Dada anaishi Florida mwaka wa kumi na mbili. Kiingilio pale ni zaidi ya dola 100 kwa mtu kwa siku, na alidunduliza muda mrefu kutulipia. Jioni, nyumbani kwake, nilianza mhadhara wangu wa sabuni na nomino. Alinisikiliza akiosha vyombo. Kisha akasema, "Kaka, wewe umekulia kwenye Kiswahili mpaka unaweza kukidharau kikikosewa. Mwanangu alikuwa ananiambia nishushe sauti nikiongea na mama kwenye simu dukani. Leo amenisomea ukuta mzima kwa sauti, mbele ya watu. Hizo dola mia nimelipia hilo."

Mpwa wangu ana miaka tisa. Ni kweli alisoma ukuta. Alisoma "tamu tamu" na "kusafiri" kwa lafudhi ya Kimarekani, akamgeukia mama yangu kila mara kuuliza maana, na wazazi wengine waliokuwa karibu wakamtazama kama mtoto mwenye siri. Hadi tunaondoka alikuwa amejua kuwa lugha ya bibi yake inaweza kuandikwa kwa herufi kubwa.

Nilitafuta jibu kwa Baudrillard sikulipata. Moore alikaribia, kwa sababu yeye alielewa kwamba mahali pa bandia panaweza kutenda kazi ya kweli iliyoachwa bila mtu. Mpwa wangu hana shule ya Kiswahili mtaani kwake. Hana rafu ya vitabu vya watoto vya Kiswahili, na hapo hatuwezi kuwalaumu Disney. Tuulizane sisi tunaoandika blogu za fasihi tumemtumia kitabu gani.

Hata hivyo simpi dada ushindi wote, kwa sababu ya kijana wa hotelini.

Siku ya pili tulikwenda kwenye ile hoteli kuangalia twiga. Wafanyakazi huvaa beji inayoonyesha jina na walikotoka, na kampuni ina mpango wa kuleta vijana kutoka nchi za Afrika kufanya kazi pale kwa muda na kuwaeleza wageni kuhusu kwao. Kijana mmoja alitusalimu, "Jambo!" Mama, akiwa amechoka na Kiingereza cha siku nzima, alimmwagia Kiswahili chake chote: habari, watoka wapi mwanangu, wazazi hawajambo. Kijana akatabasamu, akasema kwa Kiingereza kwamba anatoka Botswana, kwao wanasema Setswana, na "jambo" amejifunzia hapahapa Florida.

Fikiria. Mtu wa Gaborone anasafiri kuvuka bahari ili afundishwe kuwa Mswahili, kwa sababu katika bustani yenye dhamira Afrika ina salamu moja. Mama hakukaa kufikiria. Alimwambia, kwa Kiingereza chake kidogo, kwamba jambo ni salamu ya watalii, na kwamba kwa mtu wa umri wake kijana anatakiwa kusema shikamoo. Wakafanya mazoezi pale kwenye uzio, twiga wakitazama. Shikamoo. Marahaba. Tena. Kisha mama akamuuliza kwao wanasemaje, naye akamfundisha "dumela, mma", na mama akaendelea kuisema hadi tunafika kwenye gari.

Kati ya Halevy, Bradbury, Moore, Eco na Baudrillard, hakuna aliyemfanya kijana huyu kiini cha hoja yake. Wote wanagombania mgeni: je, amedanganywa au amefurahi? Mtu aliyevaa sare anawapita pembeni. Kumpata ilinibidi niache insha niende kwenye hadithi. George Saunders, katika "Pastoralia" ya mwaka 2000, anasimulia mwanamume anayeishi ndani ya pango la maonyesho, kazi yake kuigiza mtu wa kale, amekatazwa kusema Kiingereza hata kama hakuna mgeni anayetazama. Kila siku anajaza fomu ya kumtathmini mwenzake wa pangoni na kuituma kwa faksi. Mtoto wake anaumwa nyumbani, bili zinapanda, na siku nyingine mbuzi wa chakula haletwi. Hadithi inachekesha mpaka unajikuta umeacha kucheka bila kujua ni ukurasa gani. Saunders haulizi kama pango ni la kweli. Anauliza nani analala ndani yake, na kwa mshahara gani.

Na kabla yake tulikuwa na Gurnah. Riwaya yake ya 1994 ambayo Ida Hadjivayanis ametutafsiria kwa jina la Peponi ina bustani ya mfanyabiashara, yenye ukuta, maji na michungwa. Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaipenda kwa dhati. Mzee Hamdani ndiye anayeitunza. Alipewa uhuru akaukataa, akabaki na maji yake na miti yake. Ninachokipenda ni kwamba Gurnah haiharibu bustani ili kuthibitisha hoja. Inabaki nzuri hadi mwisho. Uzuri wake haumfuti Hamdani, na Hamdani haufuti uzuri wake. Eco angesema bustani ni nakala ya pepo na angekuwa sahihi, kisha angeondoka bila kumuuliza mzee jina.

Kwa kipimo hicho Harambe ni kazi yenye fani kubwa na wahusika wasiotosha. Nyufa zake zimechorwa na watu wenye macho, maneno yake yamechaguliwa na mtu mwenye kamusi nzuri, na katika mji mzima hakuna sentensi moja ya Kiswahili niliyosikia ikisemwa kwa sababu mtu alikuwa na haja nayo, ukiondoa zile za mama yangu. Ningependa kusoma hadithi ya kijana yule wa Botswana, iandikwe na yeye, kwa Setswana kama atataka, tuitafsiri.

Dada anataka kurudi Desemba na mtoto. Nimemwandikia kwamba kwa fedha hizo amlete Pangani, avuke kwa kivuko hadi Bweni, aguse ukuta ambao haujaoshwa. Amenijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Amenipigia hesabu: tiketi za ndege za watu wanne, visa ya mumewe, likizo ambayo mwajiri hatoi. Mwisho wa ujumbe anasikika mtoto nyuma akiuliza kama Pangani kuna tamu tamu. Mama, ambaye nilikuwa nimemwekea spika, amejibu kwamba zipo visheti na kashata za nazi, na duka lenyewe halina jina.